Picha ya Mwalimu kando ya altare: je, paroko amemvunjia heshima Mtumishi wa Mungu?

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama Mkatoliki, kiongozi wa jumuiya ndogondogo katika kigango kimoja huku Kanda ya Ziwa. Mwaka jana mdogo wangu alikutwa na uvimbe kwenye ini. Akaanzishiwa dawa, na sisi tukaanza novena, sala za siku tisa, kwa Bikira Maria, kwa Mtakatifu Yuda Tadei na kwa Mwalimu Nyerere. Baada ya miezi michache altrasaundi ikaonyesha uvimbe umepungua sana, na anaendelea vizuri. Kwa shukrani tulichanga tukatengenezesha picha kubwa ya Mwalimu yenye duara la mwanga kichwani, tukaiweka kando ya altare, na kwenye litania tukaongeza 'Mtakatifu Julius Nyerere, utuombee'. Paroko alipokuja akaiondoa picha na kutukataza. Watu wamekasirika. Wanasema Wazungu hutangazwa haraka, Mwafrika anawekwa foleni: Carlo Acutis, yule kijana wa Italia, amefariki 2006 na tayari ni mtakatifu, Mwalimu amefariki 1999 na bado. Je, paroko hakukosea? Na uponyaji huu si muujiza tayari?"

Milele amina, mama. Kwanza hongereni kwa mgonjwa wenu kupata nafuu, na pole kwa mvutano uliozuka kigangoni. Ninausikia uchungu wenu. Mliomba, mkaona majibu, mkataka kushukuru hadharani, halafu padre akaja akaishusha shukrani yenu ukutani. Mtu yeyote angeumia.

Hata hivyo paroko wenu hakukosea. Nadhani akikaa na ninyi akawaeleza sababu, hasira itapungua, kwa sababu alichokiondoa ni kitu ambacho kingeweza kumwumiza yule yule mnayempenda.

Tuanze na mahali Mwalimu alipofikia. Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Mchakato wake ulifunguliwa mwaka 2005 na Jimbo la Musoma, ambako ndiko Butiama iliko. Wengi hulisikia jina hilo wakalichukulia kama cheo, kana kwamba Mwalimu amepanda ngazi ya kwanza na sasa anasubiri kupandishwa ya pili. Lakini linamaanisha tu kwamba jalada limefunguliwa na uchunguzi unaendelea. Kanisa bado halijatamka lolote kuhusu maisha yake. Baada ya hapo huja tamko kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha ushujaa, kisha kutangazwa Mwenyeheri, na mwishoni Mtakatifu. Mwenyeheri huheshimiwa hadharani katika eneo au shirika fulani. Mtakatifu huheshimiwa na Kanisa zima. Mtumishi wa Mungu haheshimiwi hadharani popote, hata kijijini kwake.

Kwa nini ukali huu? Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo.

Katika karne za kwanza hapakuwa na ofisi wala fomu. Polikarpo, askofu wa Smirna, alipouawa katikati ya karne ya 2, Wakristo wake walikusanya mifupa yake, wakaizika mahali pa heshima, na kila mwaka wakakutana hapo siku ya kifo chake. Hivyo ndivyo watakatifu walivyopatikana: watu walimjua shahidi, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, walimwona akifa, wakakumbuka. Baadaye wakaanza kuheshimiwa pia watu wasiomwaga damu, kama Martino wa Tours aliyefariki mwaka 397. Askofu wa mahali akiridhika, aliuhamisha mwili wa marehemu na kuuweka kanisani, basi ikawa imetosha.

Utaratibu huo ulizaa watakatifu wa kweli wengi sana. Ulizaa pia vurugu. Katika karne ya 12 Papa Aleksanda III alituma barua Sweden kuwakemea watu waliokuwa wakimheshimu kama shahidi mtu aliyeuawa akiwa amelewa. Fikiria, mama: watu wanapiga magoti kwenye kaburi, wanasimulia miujiza, na chanzo chake ni ulevi. Papa alisema hata kama miujiza ingesimuliwa mingi kiasi gani, hawana ruhusa ya kumheshimu hadharani bila idhini ya Kanisa la Roma. Maneno hayo yaliingizwa katika mkusanyo wa sheria wa Papa Gregori IX mwaka 1234, na tangu hapo kutangaza watakatifu kukawa mikononi mwa Papa. Tangazo la kwanza la Papa tunaloliona wazi katika maandishi ni la zamani zaidi, la mwaka 993, kuhusu Ulriki, askofu wa Augsburg.

Bado watu waliendelea na yao hadi Papa Urbano VIII alipotoa amri mwaka 1625 na kuikaza mwaka 1634. Aliyataja mambo kwa majina. Asiyetangazwa asichorwe na miali wala duara la mwanga kichwani. Picha yake isiwekwe kanisani kwa kuheshimiwa. Taa na sadaka za nadhiri zisiwekwe kaburini pake. Vitabu vya miujiza yake visichapishwe bila idhini. Zaidi ya hayo, ikionekana heshima ya hadharani imetangulia hukumu ya Kanisa, kesi yenyewe, yaani huo mchakato wa kumtangaza, inakwama.

Sasa utaona picha yenu imegusa nini. Sheria hiyo haijafa. Hadi leo, katika kila mchakato, askofu au wajumbe wake wanapaswa kwenda wenyewe kwenye kaburi, kwenye chumba alimoishi au kufia marehemu, na popote panapoweza kuwa na dalili za heshima ya namna hiyo. Wanatazama ukutani na juu ya kaburi: kuna mishumaa ya ibada? Kuna vibao vya "asante kwa neema uliyonijalia"? Kuna picha yenye mwanga kichwani? Kisha wanaandika hati rasmi kwamba hakuna ibada ya hadharani iliyotolewa kinyume cha amri, na hati hiyo inaingia katika jalada linalopelekwa Roma. Picha moja katika kigango kimoja haitaizamisha kesi ya Mwalimu, usiogope. Lakini vigango ishirini vikifanya hivyo, na picha zikasambaa kwenye simu za watu na maneno "Mtakatifu Julius", anayesimamia kesi hiyo atakuwa na maelezo mengi ya kutoa.

Litania ndiyo nzito zaidi. Picha mtu anaweza kusema ni pambo. Kumtaja mtu katika sala ya Kanisa kwa jina la Mtakatifu ni kuitangaza hukumu ambayo haijatolewa, na hakuna jumuiya, paroko wala askofu mwenye mamlaka hayo.

Mnaruhusiwa nini basi? Mengi, kuliko watu wengi wanavyodhani. Kila mmoja wenu, na familia yenu nyumbani, mnaweza kumwomba Mwalimu awaombee kwa Mungu. Hiyo ni sala ya faragha na haina kizuizi chochote. Kanisa linaitaka hasa, kwa sababu bila watu kumwomba hakuna muujiza utakaopatikana. Ipo desturi ya kuchapa kadi zenye sala ya kuomba neema kwa njia ya Mtumishi wa Mungu, kwa idhini ya askofu, na huandikwa kwamba ni kwa matumizi ya faragha. Mnaweza kutundika picha yake sebuleni, ile ya kawaida isiyo na mwanga. Mnaweza kuomba Misa ya kumwombea tarehe 14 Oktoba kama mnavyomwombea marehemu yeyote, na mnaweza pia kuomba Misa ya kumshukuru Mungu kwa nafuu ya mdogo wako. Shule, barabara na kiwanja cha ndege vikiitwa kwa jina lake, hiyo ni heshima ya kiraia na Kanisa halina neno. Kigango hakiwezi kuitwa kwa jina lake, wala siku yake haiwezi kuingizwa katika kalenda ya liturujia.

Nije kwenye lalamiko la Wazungu na Waafrika. Silipuuzi, maana lina chembe ya ukweli, ila ukweli huo hauko pale watu wanapoutafuta.

Sheria inataka miaka mitano ipite tangu kifo kabla ya mchakato kufunguliwa, isipokuwa Papa akiondoa sharti hilo, kama ilivyokuwa kwa Mama Teresa na kwa Yohane Paulo II. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Miaka mitano ikaisha Oktoba 2004, na mwaka uliofuata jalada likafunguliwa. Hapo hakuna aliyemcheleweshea.

Kisha tazameni Wazungu waliofanya kazi kwetu. Giuseppe Allamano, padre wa Torino aliyeanzisha Wamisionari wa Consolata, wale waliofika Kenya 1902 na Iringa 1919, alifariki mwaka 1926. Alitangazwa Mwenyeheri 1990 na Mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024, miaka 98 baada ya kifo. Sista Irene Stefani wa shirika hilo hilo, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma, aliwahudumia wapagazi waliokuwa wakifa kwa magonjwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kule Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Alifariki Gikondi mwaka 1930 kwa tauni aliyoambukizwa akimhudumia mgonjwa. Alitangazwa Mwenyeheri Nyeri mwezi Mei 2015, na bado hajafika utakatifu rasmi. Thomas More wa Uingereza alikatwa kichwa 1535, akatangazwa Mtakatifu 1935. Hiyo ni miaka 400 kamili.

Upande wetu yuko Floribert Bwana Chui wa Goma, mlei na mzungumzaji wa Kiswahili kama sisi. Alikuwa akikagua bidhaa mpakani, akakataa rushwa ya kupitisha vyakula vilivyoharibika, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 ametangazwa Mwenyeheri huko Roma, miaka 18 tu baadaye. Acutis ameenda haraka, ndiyo, lakini usimchukue yeye kuwa kipimo. Wengi wao, wa rangi zote, hufia kwenye foleni.

Sasa ile chembe ya ukweli. Kesi ya namna hii hubebwa na watu. Anahitajika msimamizi anayeitwa postulatori. Wanahitajika wanahistoria wa kukusanya kila alichoandika marehemu, makarani, wafasiri na fedha za kuendesha yote hayo kwa miongo. Mashirika ya kitawa yana uwezo huo kwa asili yake. Shirika halifi: sista aliyemjua mwanzilishi akifa, mwingine anapokea jalada. Wana nyaraka za nyumbani kwao, wana makao Roma, wanajua mlango upi ugongwe. Ni hivyo tangu Enzi za Kati. Fransisko wa Asizi alifariki 1226 akatangazwa 1228. Antoni wa Padua hakumaliza hata mwaka. Wote wawili walikuwa na umati wa ndugu nyuma yao. Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani, ametangazwa Mtakatifu mwaka 2000. Na nyuma yake lilikuwepo shirika la Wakanosa alikoishi utawa wake kule Italia. Floribert naye alikuwa mwanajumuiya ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei iliyojipanga vizuri.

Mlei wa Afrika ambaye nyuma yake lipo jimbo tu, lenye parokia nyingi na mapadre wachache, anaanza mbio akiwa amebeba mzigo. Hilo ni tatizo halisi. Nalisema nikijua kwamba wapo wakatekista wengi wa nchi zetu waliokufa kitakatifu na hakuna aliyeandika hata ukurasa mmoja juu yao.

Kwa Mwalimu kuna uzito mwingine ambao wapenzi wake hawapendi kuutaja. Aliongoza nchi karibu muda wote kati ya 1961 na 1985. Mchunguzi hawezi kuishia kwenye Misa alizohudhuria, mifungo yake na mshahara mdogo aliouchukua. Lazima asome pia sheria ya kuweka watu kizuizini ya mwaka 1962. Lazima aulize kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambako watu walihamishwa kwa nguvu na nyumba nyingine zikachomwa. Lazima aulize kuhusu vita vya Kagera. Taratibu za Kanisa zinataka mashahidi wanaopinga nao wasikilizwe, na waliowekwa ndani wakati wake wana haki ya kusema. Zamani alikuwepo ofisa wa kuipinga kesi kwa makusudi, watu wakamwita wakili wa shetani. Mageuzi ya Yohane Paulo II ya mwaka 1983 yalibadilisha kazi yake, lakini wajibu wa kutafuta ukweli wote ulibaki. Kesi za watawala huenda polepole kwa sababu hii. Robert Schuman, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Ufaransa, alifariki 1963, na fadhila zake zimetambuliwa mwaka 2021 tu. Binafsi sioni sababu ya kuiogopa hatua hii. Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilikosea katika mambo kadhaa, na utakatifu haujawahi kumaanisha mtu asiyekosea.

Nimefika kwenye swali lako zito: je, huu ni muujiza?

Kuwa Mwenyeheri, asiye shahidi anahitaji muujiza mmoja uliothibitishwa. Kuwa Mtakatifu, mwingine uliotokea baada ya hapo. Shahidi huondolewa ule wa kwanza, ndiyo maana Floribert hakuuhitaji. Ila wa pili unabaki: Anuarite Nengapeta wa Kongo, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, ni Mwenyeheri tangu 1985 na anasubiri muujiza mpaka leo.

Uponyaji unapopelekwa Roma hupita kwanza kwa madaktari, kabla ya wanateolojia. Wanauliza ugonjwa ulikuwa nini hasa na ulithibitishwaje. Uponyaji ulikuwa wa ghafla? Ulikamilika? Umedumu? Na kuna maelezo yoyote ya kitabibu? Dawa ikiwa inaweza kueleza nafuu hiyo, hata kwa sehemu, kesi inaishia hapo. Daktari haombwi kusema "ni muujiza". Anaombwa kusema "sayansi ninayoijua haielezi hili". Wakishakubaliana, wanateolojia ndio wanauliza: aliombwa nani?

Angalia mfano wa Allamano. Mwezi Februari 1996, katika msitu wa Amazon huko Brazil, mtu wa kabila la Yanomami aitwaye Sorino alishambuliwa na chui wa huko, jagwa, akapasuliwa fuvu hadi ubongo ukaonekana. Masista wa Consolata walimkimbiza hospitalini na wakamwomba Allamano kwa ajili yake. Alipona, akarudi msituni kuishi kama zamani. Zilikuwepo kumbukumbu za hospitali, walikuwepo madaktari wa kusimulia jeraha, walikuwepo mashahidi wanaojua ni nani aliyeombwa. Hata hivyo miaka 28 ilipita kati ya tukio na tangazo.

Sasa weka kesi yenu kando ya hiyo. Mdogo wako alikuwa kwenye dawa. Uvimbe umepungua, haujatoweka. Nafuu imekuja kwa miezi. Na mliwaomba watatu kwa pamoja, akiwemo Mama wa Mungu, hivyo hakuna mwanateolojia atakayeweza kusema ni Mwalimu aliyewaombea. Kwa hali ilivyo, nakwambia kwa upendo, hii haitapokelewa kama muujiza wa kesi. Usisikitike. Neema inayokuja kupitia dawa na mikono ya daktari ni neema ya Mungu kamili, na shukrani yenu haihitaji muhuri wa Roma ili iwe ya kweli.

Mkitaka kuendelea kumwomba Mwalimu kwa ajili ya mgonjwa huyu au mwingine, mwombeni yeye peke yake. Bikira Maria hatachukia.

Nendeni pia mkazungumze na paroko uso kwa uso, wewe na wazee wawili watatu wa jumuiya, si kikundi kizima chenye hasira. Mwombeni aje jumuiyani awaelezee watu haya niliyoyaandika, na mkubaliane picha iende nyumbani kwa nani baada ya mchoraji kuufuta ule mwanga. Ikitokea siku moja uponyaji ambao daktari mwenyewe anashangaa, msiutangaze kwenye makundi ya simu. Mpelekeeni paroko, naye atawafikisha kwa kansela, mtunza nyaraka wa jimbo lenu. Uchunguzi hufanyika katika jimbo ambako jambo limetokea, kwa hiyo hamna haja ya kusafiri hadi Musoma. Chukueni nakala za vipimo vya kabla na vya baada, majina ya dawa na tarehe zake, na jina la daktari aliyemhudumia. Picha za altrasaundi zikipotea hazirudi, na hospitali nyingi hazitunzi mafaili ya zamani.

Na mdogo wako asiache dawa wala asikose tarehe hata moja ya kliniki. Nimeshaona watu wenye imani kubwa wakiacha matibabu kwa sababu jirani aliwaambia tayari wameponywa. Uvimbe wa ini unataka daktari wa magonjwa hayo, na kama mlipo hayupo, ombeni rufaa ya hospitali ya kanda mapema, wakati bado ana nguvu za kusafiri.